Mrithi Asiyeirithi Hoja: Kirinyaga ya Resnick

Kirinyaga (1998), bunilizi ya kisayansi ya Mmarekani Mike Resnick, inasomeka kama mwendelezo wa Facing Mount Kenya (1938) ya Jomo Kenyatta, ingawa haikutangazwa hivyo. Mwandishi mpya anarithi mlima, desturi na mganga, hoja anaiacha. Kenyatta alishikilia kwamba Mwafrika akiwa huru atajichagulia la kumfaa katika utamaduni wa Ulaya. Koriba, mundumugu wa Resnick aliyesoma ng'ambo, hamwachii mtu nafasi ya kuchagua. Kamari, mtoto mwenye kiu ya kusoma, ananyimwa elimu hata anajinyonga. Sehemu hii ina uchungu wa kweli, na ndiyo inayokiokoa kitabu. Hata hivyo mgogoro wenyewe ni wa kubandikwa: ama jadi tupu, ama Uzungu mtupu. Huko Ruiru watafiti walitoa kahawa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, miaka mitatu kabla ya hadithi ya kwanza ya Koriba kuchapishwa. Mkulima wa pande za Thika aliyeipanda hakuacha Ugikuyu wake kwenye kitalu. Mkulima huyo hana nafasi katika sayari nzima ya Resnick.