Kuitwa Si Kusikilizwa: Uhakiki wa Amri ya Worms ya 1521

Katika mafundisho yetu ya historia ya Kanisa, Mkutano wa Worms huelezwa zaidi kama habari ya ujasiri wa mtu mmoja mbele ya Kaisari. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha kando swali ambalo wakuu wa Ujerumani wa wakati ule walilipa uzito mkubwa: je, mtawala aweza kumwondolea mtu ulinzi wa sheria pasipo kumsikiliza? Makala haya yanakusudia kuihakiki Amri ya Worms kwa upande huo. Hoja yetu ni kwamba kosa la kwanza la Amri hiyo ni namna ilivyopatikana, na kwamba kosa hilo si la Kaisari wala la Roma peke yao.

1. Mpaka wa mamlaka ya Kaisari

Charles V alipochaguliwa mwaka 1519 hakupewa enzi bila masharti. Wakuu waliomchagua walimfunga kwa mapatano, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba hakuna Mjerumani, awe wa cheo au asiye na cheo, atakayetangazwa kuwa nje ya sheria ya dola kabla ya kusikilizwa. Aliyetangazwa hivyo hakuwa na mtetezi: yeyote aliweza kumkamata, na aliyempa chakula au malazi alihesabiwa kuwa mkosaji pamoja naye.

Balozi wa Papa, Girolamo Aleandro, aliliona sharti hilo kuwa kikwazo. Kwa maoni yake shauri lilikuwa limekwisha. Hati ya Papa ya Juni 1520 ilimpa Luther siku 60 za kukana mafundisho yake, na Januari 1521 alitengwa na Kanisa. Iliyobaki ilikuwa kazi ya dola kutekeleza hukumu. Hoja hii haikuwa ya kipumbavu, kwa maana ilitegemea desturi ya karne nyingi. Lakini ndani yake mna hatari: kila mwenye mamlaka anaweza kusema kwamba kusikiliza kulikwisha kufanyika mahali pengine. Februari 1521 wakuu waliikataa hoja hiyo. Walitaka Luther aitwe, tena kwa hati ya usalama wa safari.

2. Luther mbele ya Mkutano

Tarehe 17 Aprili Luther aliulizwa maswali mawili tu: je, vitabu hivi ni vyako, na je, unayakana yaliyomo? Aliomba muda, akapewa siku moja. Kesho yake alijibu kwa urefu kuliko walivyotaka, akaomba aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko. Ombi hilo halikujibiwa mbele ya Mkutano. Tarehe 19 Aprili Kaisari alitangaza kwamba atamshughulikia kama mzushi.

Haki inatudai tuseme na mema ya Kaisari. Hati ya usalama iliheshimiwa, tofauti na yaliyompata Jan Hus huko Konstanz mwaka 1415. Aidha, baada ya tarehe 19 Askofu Mkuu wa Trier alifanya mazungumzo na Luther kwa siku kadhaa. Hata hivyo, mazungumzo hayo yalikuwa ya kumshawishi akubali, wala hayakuwa ya kupima kama mashtaka ni ya kweli.

Amri yenyewe inathibitisha jambo hilo. Aliyeiandika ni Aleandro, yaani mshtaki alipewa kalamu ya hakimu. Kaisari aliitia sahihi tarehe 26 Mei, wakati Frederick wa Saxony na wakuu wengine wengi walikuwa wamekwisha kuondoka Worms. Lakini ina tarehe 8 Mei, tena inadai kwamba imetolewa kwa shauri moja la wakuu wote. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Amri ya Worms ni ngoma iliyowambwa na upande mmoja, kisha ikatangazwa kuwa ni ya wote.

3. Amri ya upande mmoja inaweza kuwa halali?

Tusivuke mpaka katika hoja yetu. Hata mahakama zenye haki hutoa amri kwa kusikiliza upande mmoja, mathalani kuzuia nyumba isibomolewe kabla shauri halijasikilizwa. Amri ya namna hiyo ni halali kwa sababu ni ya muda, na mlango unabaki wazi kwa asiyekuwapo kuja kuipinga. Kosa la Amri ya Worms ni kwamba ilifunga mlango: ilimhukumu mtu daima, na kukataza hata vitabu vyake visisomwe na wale ambao wangetaka kuusikia upande wake.

Msingi wa kanuni hii ni wa kale. Nikodemo aliwauliza Mafarisayo kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yn. 7:51), na Festo, mtawala wa kipagani, aliitaja kuwa ni desturi ya Warumi (Mdo. 25:16). Chuo Kikuu cha Cambridge kilipomvua Richard Bentley shahada zake bila kumwita, mahakama ya Uingereza iliamuru mwaka 1723 arudishiwe. Na hakimu mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu alimwita Adamu ajieleze kabla ya kumhukumu.

4. Kosa linalorudi

Luther mwenyewe hakuishika kanuni iliyomtetea. Mwaka 1525, katika maandishi yake dhidi ya wakulima walioasi, aliandika kwamba mwasi wa dhahiri aweza kuuawa na yeyote, kila mtu akiwa hakimu na mtekelezaji. Hayo ni karibu sana na aliyotendewa yeye kwa Amri ya Worms. Uhakiki wa Kilutheri usioyataja hayo haujatimia.

Nasi Tanzania tumeyaona. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi, na ikazuia mahakama kuihoji amri yake. Tume ya Jaji Francis Nyalali, katika taarifa yake ya 1992, iliihesabu miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu. Neno "ukamilifu" ndilo lililokosekana Worms.

Lakini Kanisa lisiinyoshee Serikali kidole huku likijisahau. Baraza la wazee linalomtenga msharika na Meza ya Bwana kwa taarifa ya mtu mmoja, na jina lake likasomwa ibadani kabla hajaulizwa, linatoa Amri ya Worms ndogo. Bwana wetu aliweka hatua katika Mathayo 18: mwendee ndugu yako, kisha mashahidi, kisha kusanyiko. Katika kila hatua mshtakiwa yupo. Hatuna budi basi kudai kwamba kumbukumbu za kikao kinachomtenga mtu zionyeshe siku aliyoitwa, maneno aliyoyasema, na njia aliyoelezwa ya kukata rufaa. Pasipo hayo, hukumu hiyo isisomwe kanisani.