Kifuko cha nati kwenye boksi la keria: kisome kabla ya kufunga

Watu huhakiki vitabu, filamu na simu mpya. Leo mimi nahakiki kifuko cha plastiki. Ndiyo, kile kidogo kinachokaa chini kabisa ya boksi ukinunua kitu cha kufunga juu ya keria ya gari: paneli ya sola, turubai la pembeni, kishikio cha dumu la maji. Wengi wetu tunakichana kwa meno, tunamkabidhi fundi, tunaendelea na mengine. Nati moja ikidondoka mchangani, tunaokota nyingine yoyote pale gereji. Kwani si nati tu?

Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha tukaenda kazi ya uwandani kaskazini mwa Tanzania, kwenye barabara ya vumbi ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero. Juu ya gari tulifunga paneli ya sola ya kilo 12 kwa boliti nne zilizokuja nayo. Tuliporudi Mto wa Mbu jioni, boliti zilikuwa zimebaki mbili, na nati ya mojawapo ilizunguka kwa kidole. Dereva wetu alishika kiuno: "Nilikaza mwenyewe asubuhi, kaka. Spana iligoma kabisa." Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini kwa muda mrefu nyuma yetu, ndani ya vumbi letu, kulikuwa na bodaboda aliyembeba mama na mtoto. Ile paneli ingeng'oka, ingewaangukia wao.

Basi nilikaa chini na kile kifuko, karatasi na kalamu.

Tuanze na sifa zake, maana haki ni haki. Boliti zilikuwa za M8, yaani kipenyo cha milimita 8, za chuma cha pua (stenlesi), na kichwani zimepigwa chapa A2-70. Hiyo 70 si pambo. Inakuambia chuma chenyewe hukatika kikivutwa kwa nyutoni 700 kwa kila milimita ya mraba. Kwenye boliti za chuma cha kawaida utaona namba kama 8.8: nane ya kwanza ni nyutoni 800, na .8 inasema kwamba chuma huanza kunyooka moja kwa moja, bila kurudi, kikifika asilimia 80 ya hapo. Boliti isiyo na chapa yoyote haikuambii chochote. Ya kufungia benchi ni sawa, lakini ya juu ya gari iache dukani.

Je, boliti zile zilikuwa dhaifu? Piga hesabu na mimi. Tuseme bonde la barabarani linarusha paneli kwa nguvu mara tatu ya uzito wake: hiyo ni kama kilo 36, zigawe kwa boliti nne. Ongeza upepo. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kila mita moja ya mraba inayokabili upepo inasukumwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 460, sawa na uzito wa kilo 47, karibu mfuko mzima wa saruji. (Ukishuka hadi 50 kwa saa, inabaki robo tu, kama kilo 12.) Sasa linganisha: boliti moja ya M8 ya A2-70 inaweza kuvutwa kwa zaidi ya nyutoni 16,000, yaani uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, kabla haijaanza kuharibika.

Umeona? Nguvu ilikuwepo ya kutosha na kusaza. Ndiyo maana ule ushauri unaousikia kila gereji, "weka boliti kubwa zaidi", unajibu swali ambalo halikuulizwa. Zetu hazikukatika. Zililegea.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapokuwa mkali. Boliti haifanyi kazi kama msumari. Ukiikaza, inavutika kidogo kama springi ngumu sana, na mvuto huo ndio unaobana vitu viwili pamoja. Msuguano kati ya vitu hivyo ndio unaozuia visiteleze. M8 ya aina hii ukiikaza kwa nyutoni-mita 16 hivi, bila grisi, inabana kwa takriban nyutoni 10,000. Kwa msuguano wa kawaida wa chuma kwa chuma, boliti moja inazuia msukumo wa pembeni wa nyutoni 2,000. Mzigo wako mdogo hautasogea hata unywele.

Ila inavutika kiasi gani? Kama unene unaobanwa ni milimita 20, boliti inarefuka kwa takriban milimita 0.03. Huo ni unene mdogo kuliko wa unywele wako! Rangi ya keria ikididimia milimita 0.015 tu chini ya washa, nusu ya nguvu ya kubana imekwenda, na nati haijazunguka hata kidogo. Dereva alisema kweli: spana iligoma asubuhi. Mchana rangi ikadidimia.

Na kifuko chetu kilizidisha tatizo. Kilikuwa na vipande vya mpira vya kuweka katikati, "visikwaruze". Mpira hudidimia zaidi ya rangi, na unaendelea kudidimia siku nzima, hasa juani. Zaidi ya hapo, unaruhusu paneli icheze kushoto na kulia. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza nati zaidi si mtikisiko wa juu na chini, bali ule wa pembeni. Vitu vilivyobanwa vikianza kuteleza, nati inajifungua yenyewe kidogo kidogo. Sasa fikiria barabara yenye mawimbi kama bati. Kama wimbi moja hadi jingine ni sentimita 70, kilomita 60 zinakupa mapigo zaidi ya 85,000.

Kifuko kilijibu hatari hiyo kwa washa za springi, zile zilizokatwa na kupinda. Samahani, mafundi wetu, najua mnazipenda. Ukikaza boliti sawasawa, washa hiyo inalala bapa, na kuanzia hapo ni washa tu kama nyingine. Kwenye jaribio la aina ya Junker haizuii kulegea. Na ile karatasi ya maelekezo? Picha moja na maneno "kaza vizuri". Vizuri ni ngapi? Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu namba moja tu ingetosha.

Kwa hiyo ukichagua vya kwako, fanya hivi. Kwanza, toa mpira katikati ya vitu vinavyobanwa. Unaogopa mikwaruzo? Weka mpira mahali pasipobeba nguvu ya boliti. Kwangua rangi chini ya washa, kisha tumia washa bapa pana na nene.

Pili, chukua boliti ndefu zaidi, na si nene zaidi. Weka kipande cha bomba la chuma katikati ili unene unaobanwa ufike milimita 60. Boliti itarefuka mara tatu zaidi kwa nguvu ileile, na ule mdidimio wa 0.015 utakula kama sehemu moja ya sita badala ya nusu. Hii ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Tatu, tumia nati zenye pete ya plastiki ndani. Hazilindi nguvu ya kubana, usidanganyike, lakini boliti ikilegea, nati haidondoki. Ukizifungua, weka mpya.

Nne, kama uko Tanga, Dar au Mombasa, chumvi ya bahari inakula. Stenlesi ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Boliti ndogo ya stenlesi kwenye keria kubwa ya alumini inavumilika, ila kagua tundu lake. Ribiti za alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi ni balaa. Pwani tafuta A4 badala ya A2: ina molibdenamu, na inastahimili chumvi zaidi. Kumbuka pia nati ya stenlesi inaweza kung'ang'ania boliti ya stenlesi isitoke tena. Paka grisi, kisha punguza mkazo wa spana, kwa sababu penye grisi mkazo uleule unavuta boliti zaidi.

Mwisho, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Simama baada ya kilomita 50, kaza tena, halafu angalia mstari kila kituo. Na funga waya wa akiba kutoka kwenye mzigo hadi kwenye keria, usiopitia boliti yoyote kati ya hizo nne.

Paneli yetu sasa ina boliti ndefu, mabomba manne mafupi, na mistari minne myeupe. Dereva ndiye huipanda kuikagua, na hataki tena tumpe kifuko kinachokuja na boksi. Anauliza kwanza: "Chapa iko wapi?"