Mawe Yamepimwa, Ngoma Bado

Katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini Berlin imesimamishwa mifupa ya dinosaria waliochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Tangu 2007 mgeni amewekewa darubini ya kidijiti mbele ya mifupa hiyo. Akiielekeza kwa mnyama, mifupa inavaa nyama, kisha ngozi, na mnyama anaanza kutembea. Huu ndio uhalisia ulioongezwa: kitu chenyewe kiko mbele ya macho yako, na mashine inakiongezea kile ambacho jicho peke yake halikioni. Kwa hiyo mali ya Lindi imeshafanyiwa ufundi huu, ila aliyebaki Lindi hana pa kuutazamia.

Kwa upande wa Kilwa kazi imesogea zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliyapima kwa leza. Kisha mwaka 2020 Google, wakishirikiana na mashirika ya CyArk na ICOMOS, waliifanya Kilwa Kisiwani kuwa moja ya sehemu tano duniani zilizoonyeshwa kwa modeli za pande tatu, ili watu waone jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoyatishia maeneo ya kale.

Namna walivyopima inafaa kueleweka, maana ndiyo msingi wa programu yoyote ya safari itakayojengwa pwani hii. Mashine ya leza hurusha mwale, mwale ukagonga ukuta na kurudi, na muda uliotumika ukageuzwa kuwa umbali. Ikirudia hivyo mara nyingi mno huku inazunguka, linapatikana wingu la nukta lenye umbo la jengo. Picha za kamera na za droni zinaongeza rangi na kuziba mapengo ambayo leza haikuyafikia. Nukta huunganishwa kuwa pembetatu ndogondogo, nyingi kiasi kwamba hakuna simu ya kawaida itakayozifungua. Hapo fundi anazipunguza, na nakshi ndogo za jiwe anazihamishia kwenye picha inayobandikwa juu ya umbo jepesi. Jicho halitambui, na simu inapumua.

Lakini simu itajuaje kwamba imeelekezwa kwenye ukuta gani? GPS ya simu, hata mahali peupe, hukosea kwa mita tano hivi. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa kosa la mita tano linatosha kuning'iniza kuba nje ya nguzo zake. Kwa sababu hiyo simu hutegemea kamera na vihisi mwendo: inatafuta pembe na madoa yasiyobadilika, inayafuata hatua kwa hatua, na kwa hayo inakisia ilipo. Apple waliwapa watengenezaji zana za kazi hii mwaka 2017, na za Google zikakamilika 2018. Kuta za mawe ya matumbawe zinaisaidia sana kamera kwa ukwaruzo wake. Nyasi zinazopepea na maji ya bahari yasiyotulia vinaihangaisha. Jua la saa sita mchana linafuta kioo kabisa, simu inachemka, na betri inakwisha kabla ya kufika kasri la Husuni Kubwa.

Hadi hapo ni habari ya macho tu. Sasa tuvuke kutoka kisiwani hadi Kilangala, katika mkoa huohuo wa Lindi. Kilangala hakuna Msikiti Mkuu wala Husuni Kubwa ya kuvisha kuba. Mtengenezaji aliyezoea kufikiri kwa picha atapita moja kwa moja, aseme hapa hapana cha kuonyesha. Naona anakosea, na kosa lake linaanzia mbali: ameichukulia programu ya safari kuwa kazi ya kamera. Kwa vijiji vya pwani ya kusini, ambavyo mali yake ni ngoma, ingepaswa kuanza na sikio, picha zifuate.

Nina sababu za kiufundi. Sauti inasamehe. Ukisikia msondo unatoka ng'ambo ya barabara, kosa la mita tano halikuudhi, lakini kuba lililohama mita tano linaharibu kila kitu. Dakika moja ya muziki uliobanwa kwa kiwango cha kawaida ni kama megabaiti moja, kwa hiyo nusu saa nzima mtu ataipakua Lindi mjini kwa bando dogo na kuondoka nayo. Simu inakaa mfukoni, kioo kimezimwa, jua likiwaka litakavyo. Hata simu isiyo na uwezo wa kuchora vitu hewani itaipiga. Hisia ya upande nayo haina gharama kubwa: sauti itokayo kulia hufikia sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde, na ubongo unautumia ucheleweshaji huo kujua mlio umetoka wapi. Programu inauigiza kwenye hedifoni; zikiwa na vihisi mwendo, msikilizaji akigeuka ngoma inabaki mahali pake.

Penye ugumu ni wakati wa kurekodi. Ili msafiri akikaribia chapuo aisikie chapuo ikikua, kila ngoma inatakiwa iwe na mkondo wake wa sauti. Njia ya studio ni kumrekodi mpigaji mmoja mmoja. Kwa ngoma zetu njia hiyo inaua kitu. Mpigaji wa chapuo anamjibu wa msondo, wa msondo anamtazama mchezaji, na kigelegele kinawapandisha wote. Ukiwatenga, kila mmoja atapiga vizuri na ngoma isiwepo. Afadhali wapige pamoja, uwanjani, kila ngoma ikiwa na kinasa sauti karibu yake, na katikati pasimamishwe kimoja kinachopokea pande zote. Milio itaingiliana kidogo, na uvumilie. Ukitaka usafi wa studio utapoteza uwanja.

Hapa leza ya Kilwa inarudi kwa kazi mpya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua baluni ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, wakarekodi mwangwi uliodumu zaidi ya sekunde 10. Kutokana na mlio huo waliweza kuitia sauti ya kwaya iliyo mbali kabisa ndani ya jengo lile. Kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa sehemu ya paa imeanguka, kwa hiyo baluni itakupa mwangwi wa gofu la leo. Lakini modeli ya pande tatu ikirudishiwa makuba yake, kompyuta inaweza kufuatilia mawimbi ya sauti yanavyogonga chokaa na kurudi, na kukadiria alichokisikia mtu aliyesimama humo makuba yakiwa bado mazima. Sauti gani iwekwe humo, waulizwe waumini wa Kilwa kwanza. Ni msikiti, hata ukiwa gofu.

Kuuliza huko kuna historia yake. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha, Karl Weule, mtafiti wa Leipzig, Ujerumani, alishuka Lindi na fonografu, akapanda bara hadi Masasi na Newala akinasa nyimbo kwenye mitungi ya nta. Mitungi hiyo iko Berlin, katika hifadhi ya sauti ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Ni hazina kweli. Hata hivyo ilikusanywa chini ya dola lililokuwa likipigana na ndugu za waimbaji, na sauti hizo zisiingie kwenye simu ya mtalii kabla hazijasikilizwa na watu wa Lindi wenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imetenga sehemu ya kulinda sanaa za jadi, kwa hiyo hakuna wa kudai kwamba ngoma ya kijiji haina mwenyewe. Muziki wa dansi, kama wa Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, una watunzi na warithi wanaojulikana. Nyimbo za unyago na jando ni jambo jingine. Zimefungiwa kwa waliochezwa, na hata somo mmoja akikubali kwa fedha, zisirekodiwe kwa ajili ya wapita njia. Programu iziache kimya.

Vijana mnaoandika programu Dar es Salaam na Mtwara, msianze na modeli ya kuba jingine. Nendeni Kilangala na vinasa sauti vichache na karatasi ya makubaliano ya malipo iliyoandikwa kwa Kiswahili, muwasikilize wapigaji kabla ya kuwasha chochote. Mawe ya Kilwa yana nakala mpaka ng'ambo. Mpigaji mzee akifariki kabla hamjafika, hana nakala.