Tumbo la Waridi la Jangwani

Kwenye vitalu vya maua vilivyopangana kando ya barabara za Dar es Salaam na Mombasa, mnunuzi mgeni huvutwa na rangi. Mzoefu huinama. Huangalia pale shina linapotokea kwenye udongo, kwa sababu thamani ya waridi la jangwani iko kwenye tumbo lake, yaani lile bonge la shina lililovimba. Maua huja na kupukutika. Tumbo ndilo linalosema fundi aliyeuotesha mti huo ni mtu wa namna gani, na kwa kawaida fundi wa kweli huanza na mbegu.

Njia ya mkato ipo. Kata tawi, liache kidonda kikauke, lichomeke kwenye mchanga: litashika mizizi na kuchanua mapema. Ila shina la tawi mara nyingi hubaki jembamba kwa miaka. Mche wa mbegu huanza kunenepa ungali na majani machache tu, kwani sehemu iliyo kati ya mzizi na majani ya kwanza ndiyo ghala lake la maji. Katika nyika za Kenya na Tanzania, Somalia, Yemen na milima ya Dhofar kule Oman, ghala hilo ndilo linaloufikisha mti kwenye mvua inayofuata.

Kuipata mbegu yenyewe ni kazi ya macho na mkono uliotulia. Ndani ya ua, vishikio vya chavua vimekutana vikafanya paa lililochongoka, na sehemu ya kike imejificha chini yake. Mjini wadudu wanaoweza kupenya humo ni wachache, hivyo fundi huwafanyia kazi yao. Huchana ua kwa wembe, huichota chavua kwa brashi nyembamba au kijiti cha meno, kisha huipeleka kwenye ua la mti mwingine, kwa kuwa chavua ya mti uleule kwa kawaida haishiki. Ikishika, huchomoza maganda mawili yaliyotazamana kama pembe za mbuzi, nayo huchukua miezi miwili mitatu au zaidi kukomaa.

Hapo ndipo asiye mzoefu hupoteza mavuno yake. Ganda likikauka hupasuka kwa urefu, na upepo wa alasiri moja unatosha kuimaliza kazi ya msimu mzima. Kila mbegu ni kijiti cha kahawia cha kama sentimita 1, chenye shungi la nywele laini zinazong'aa huku na huku, na zimeumbwa kwa safari. Fundi hulizungushia ganda uzi mapema, au hulivisha kipande cha chandarua, halafu huliacha likauke mtini.

Mbegu haitaki kuwekwa sana. Iliyovunwa karibuni ndiyo inayoota vizuri. Hulowekwa kwa saa kadhaa, ikalazwa ubavu juu ya mchanga mkubwa wa mto uliochanganywa na vipande vya mkaa na samadi kidogo iliyooza kabisa, kisha ikafunikwa kwa mchanga kidogo tu. Chombo lazima kiwe na matundu chini. Katika joto la pwani, la nyuzi 27 hadi 30, vichwa vya kijani huonekana ndani ya wiki moja. Baada ya hapo huhitaji jua, tena jua lenyewe. Mche uliofichwa kivulini hurefuka ukaegemea upande na hauweki tumbo.

Kwenye maji ndiko mafundi wanakotofautiana. Mche mchanga hautaki kukaukiwa, lakini mti uliokomaa hutaka udongo ukauke ndipo unyweshwe tena. Mwenye kitalu mzuri hatazami kalenda. Hubonyeza tumbo kwa dole gumba. Likiwa gumu, mti umeshiba na unaachwa. Likibonyea na udongo ni mkavu, una kiu. Likibonyea na udongo ni mbichi, umeoza, na hapo hakuna muda wa kupoteza: hung'olewa, sehemu iliyooza hukatwa mpaka ionekane nyama nyeupe safi, halafu huachwa kivulini siku kadhaa kidonda kikauke kabla ya kupandwa upya. Nairobi, baridi ya Juni na Julai inapoingia, mti unaweza kupukutisha majani yote, na mwenye huruma nyingi huumwagilia kwa kudhani unakufa. Kumbe umelala, na maji hayo ndiyo yanayouua.

Kisha kuna kazi ambayo mnunuzi haioni. Mche ukifikisha mwaka mmoja hivi, fundi huung'oa, huuosha mizizi na kuisoma mmoja mmoja. Mzizi unaoshuka wima hukatwa, ya pembeni hutandazwa pande zote, na vidonda huachwa vikauke. Mti hurudishwa chunguni ukiwa umeinuliwa sentimita chache kuliko ulivyokuwa. Mizizi iliyobaki juu hupigwa na jua, hukomaa, hupata gamba na kunenepa. Kila ukihamishwa huinuliwa tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbo unalolisifia barabarani ni mizizi iliyopandishwa juu ya ardhi taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Rangi ya ua ni bahati nasibu, kwani mtoto wa mbegu hafuati lazima rangi ya mama. Ndiyo maana aina zenye petali nyingi zilizozalishwa Taiwan na Thailand huongezwa kwa kupandikiza kikonyo juu ya mche mwingine. Wapo wanaouona upandikizaji kama udanganyifu. Sioni hivyo: chini ya ua hilo la kigeni bado kuna mche uliooteshwa kwa mbegu na mtu aliyesubiri.

Utomvu wake ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huuchemsha na kupaka mishale ya kuwindia. Nyumbani, nawa mikono kila unapokata tawi, usijisugue macho, na uweke chungu mbali na watoto na mbuzi.

Ukienda kununua, muulize muuzaji kama mti ni wa mbegu au wa tawi, na ubonyeze tumbo mwenyewe. Na akikutajia bei ya kukushtua kwa mti wenye tumbo pana, kabla hujaomba punguzo hesabu kwanza miaka aliyoutunza.