Shaaban Robert na Vita vya Uhuru: Mshairi wa Umma au Tarishi wa Mkoloni?

Katika mazungumzo na wanafunzi mjini Katesh, lilizuka swali lililowagawa wasikilizaji pande mbili. Mmoja wao alikuwa na Utenzi wa Vita vya Uhuru mkononi. Akauliza: mtu aliyeungana na Waingereza kuiita vita yao vita vya uhuru, wakati babu zetu wakipelekwa kwa nguvu, anawezaje kuitwa mwalimu wa umma? Swali hili halijibiwi kwa kumpamba marehemu. Linajibiwa kwa kuchambua hali halisi aliyoishi na kazi aliyoiacha.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Vita ikiwa bado inaendelea akahamishiwa Idara ya Wanyama, akafanya kazi Longido na baadaye Mpwapwa. Longido ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini, jimbo lile lile lililoitawala Mbulu. Kwa hiyo tunamzungumza mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye hakushika bunduki lakini mshahara wake ulitoka katika mfuko uliolipia bunduki. Alikuwa msomi aliyeona mengi, na wakati huo huo mtu mweusi aliyepimwa kwa rangi yake kabla ya kazi yake.

Hali ya nchi nayo ilikuwa na ukinzani mkubwa. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingizwa jeshini. Walipigana Ethiopia, Madagaska na katika misitu ya Burma. Wajapani walipoteka nchi za Kusini-Mashariki ya Asia mwaka 1942, mkonge wa huko ukawakatikia Waingereza, na wananchi wa Tanganyika wakalazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya hapa. Hivyo mkoloni alitangaza kwamba anapigania uhuru wa dunia, huku akiwanyima uhuru wale wale aliowatuma kuupigania.

Je, utenzi unauonyesha ukinzani huu? Hapa lazima tuwe wakweli. Kwanza, ni kazi kubwa mno, yenye beti zipatazo 3,000, na kwa upana wake ina nafasi ya pekee katika fasihi yetu. Pili, msimamo wake dhidi ya Hitler na Mussolini ulikuwa sahihi, kwani ufashisti ulikuwa adui wa binadamu wote, na Mwafrika aliyekumbuka yaliyotendeka Ethiopia mwaka 1935 hakuhitaji kufundishwa hilo na Mwingereza. Tatu, na hapa ndipo penye udhaifu, mshairi aliipata vita kwa habari, hakuiona kwa macho. Wanaosimama mbele ni mataifa na wakuu wake. Askari aliyetoka kijijini na kibarua wa mkonge hawapati nafasi inayolingana na jasho lao. Mwanafunzi wetu wa Katesh ana haki ya kuudai upungufu huo.

Lakini kosa lake ni kuishia hapo. Mshairi alipoliingiza neno uhuru katika utenzi, alilitoa katika matangazo ya mkoloni na kuliweka katika umbo ambalo watu wetu hukariri na kurithishana. Hatudai kwamba utenzi huo ndio uliowasha moto wa TANU mwaka 1954, kwani ulichapishwa kitabu mwaka 1967 tu, miaka mitano baada ya mwandishi kufa. Tena ulichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika nchi ya makaburu, na jambo hilo peke yake linatosha kuonyesha nani alishika mitambo ya uchapaji. Tunachodai ni kwamba aliyelipima neno uhuru kwa beti nyingi kiasi hicho hakuweza tena kuridhika na dhuluma. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama anasimama mahakamani kudai haki na sheria mbele ya wakubwa wasiotaka kusikia. Ahadi iliyotolewa vitani imegeuka deni.

Upo upande wa pili wa kazi yake ambao wahakiki wengi huupita haraka, nao ni ufasiri. Mwaka 1952 zilitoka rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili. Shaaban Robert hakuzifasiri kutoka Kiajemi, bali alipitia Kiingereza cha FitzGerald. Wako watakaosema hiyo ni tafsiri ya mkono wa pili. Hebu tumtazame Arseny Tarkovsky, mshairi wa lugha ya Kirusi aliyezaliwa mwaka 1907. Aliandikia gazeti la jeshi vitani, akajeruhiwa mwaka 1943 na kukatwa mguu. Kitabu chake cha kwanza kilizuiwa mwaka 1946, na kingine hakikutoka mpaka 1962, mwaka aliokufa Shaaban Robert. Miaka hiyo yote aliishi kwa kufasiri washairi wa Georgia, Armenia na Turkmenistan. Wafasiri wa Kisovyeti walitumia sana njia hii: mjuzi wa lugha huandika maana mstari kwa mstari, kisha mshairi hulijenga shairi upya. Mkono wa pili si aibu, mradi wa kwanza uwe mwaminifu.

Makada wa Mbulu na Hanang, somo letu liko hapo. Wilaya zetu zina Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, Wanyaturu wenye lugha ya Kibantu, na Wahadza wa Yaeda Chini wenye lugha yao ya pekee. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huitamka na watu huiitikia. Wadatoga wana nyimbo za bung'eda, maziko ya heshima ya mzee. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig, na matrekta yakayalima makaburi hayo. Mtaalamu aliona kichuguu mahali ambapo mwenyeji alimwona baba yake. Tafsiri peke yake isingelizuia trekta, lakini wasiosikika kwa lugha ya taifa ni rahisi kupangiwa bila kuulizwa.

Basi jibu kwa mwanafunzi wetu ni hili. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa mkoloni na mshairi wa umma kwa wakati mmoja, na thamani yake ni kwamba alilivusha neno kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Alichokosa ni sauti ya askari wa kijijini. Wengi wa askari hao wamekufa, lakini watoto wao bado wanazikumbuka nyimbo na masimulizi. Kijana anayejua Kiiraqw au Kidatoga na aketi na mzee, aandike mstari kwa mstari, kisha ampe mshairi. Huo ndio utenzi ambao Shaaban Robert hakuuandika.