Bawabu Mwenye Nyuso Mbili

Vitabu vya sheria havina sifa ya kupendeza. Msomaji wa kawaida huviepuka kama mtoto aepukavyo dawa chungu, na wanafunzi wangu hapa Kiserian hudhani kuwa viliandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Nami nilikuwa na dhana hiyo hiyo mpaka nilipopata kusoma Rights in Exile, kitabu cha Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond kilichotolewa mwaka 2005. Habari zake ni za Kenya na Uganda, na swali lake ni moja tu: mtu aliyekimbia nchi yake akaingia katika yetu, haki zake zimo mikononi mwa nani?

Yafaa kuwajua watungaji kwanza, maana kazi hii ni tunda la maisha yao ya usomi. Harrell-Bond alizaliwa Marekani mwaka 1932, akafariki mwaka 2018. Elimu yake ya asili haikuwa sheria bali uchunguzi wa mila na maisha ya watu, naye katika Afrika ya Magharibi alichungua ndoa za Sierra Leone. Mwaka 1982 aliasisi masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1986 akatoa kitabu juu ya Waganda waliokimbilia kusini mwa Sudan, na ndani yake akauliza neno ambalo wakubwa wa misaada hawakupenda kuulizwa: je, msaada waweza kumdhulumu anayesaidiwa? Alipoondoka Oxford hakukaa kitako. Alikuja Makerere, ambako mwaka 1999 ulianzishwa katika Kitivo cha Sheria mradi wa kuwatetea wakimbizi, kisha akaenda Cairo kufundisha na kutetea vile vile. Verdirame ndiye mwanasheria wa wawili hawa. Baadaye alikuwa profesa wa sheria ya mataifa katika King's College, London. Ni nadra kuona wasomi wa fani mbili wakiandika kitabu kimoja bila ya mmoja kummeza mwenziwe, na hapa hawakumezana.

Katika jina refu la kitabu wamemtaja Janus, mungu wa Warumi wa kale aliyelinda milango, mwenye uso mmoja wa kutazama ndani na mwingine wa kutazama nje. Wanasema kuwa huruma ya mashirika makubwa ina nyuso mbili kama hizo. Mfasiri wa haraka angesema "ndumakuwili", na neno hilo lingekaa vizuri mdomoni. Walakini mimi naona lingeharibu maana. Ndumakuwili ni mtu mwenye hila. Hucheka nawe mchana akakuchongea usiku. Bawabu aweza kuwa mwema kabisa, na hata hivyo akamfungia mlango mwenye haki ya kupita, kwa sababu amepewa funguo na hapana mtu wa kumwuliza amezitumiaje. Kurasa bora za kitabu hiki humwonyesha bawabu. Kurasa zake dhaifu, nazo zipo, humshitaki ndumakuwili, kana kwamba kila karani wa misaada aliamka asubuhi akikusudia ubaya.

Tuone kurasa bora. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1966. Mpaka mwaka 1991 wakimbizi waliokuwapo hapa walikuwa wachache, wengi wao Waganda, na Serikali yenyewe ndiyo iliyosikiliza maombi yao. Baadaye Somalia ilivunjika, Sudan na Ethiopia zikatoa watu wao, na katika muda mfupi wageni wakawa mamia ya maelfu. Ndipo kambi za Dadaab na Kakuma zilipofunguliwa, na kazi ya kuamua nani ni mkimbizi na nani si mkimbizi ikaachiwa shirika la Umoja wa Mataifa. Hapa watungaji wanakaza macho. Shirika lile lile lililogawa posho ndilo lililohoji, likahukumu, na likapokea rufaa dhidi ya hukumu yake lenyewe. Aliyekataliwa aghalabu hakuambiwa sababu. Angekwenda mahakama gani? Shirika la Umoja wa Mataifa lina kinga. Haliitwi mbele ya hakimu wa Nairobi.

Mfano ulionishika zaidi ni wa Kakuma. Wakimbizi walijengewa nyua za kuhesabiwa, nao wakazivunja wakisema hawatahesabiwa kama mifugo. Kwa sababu hiyo mgao wa chakula ulisimamishwa kwa kambi nzima, mtoto mchanga na kikongwe pamoja na mvunjaji, na jambo hili lilitukia zaidi ya mara moja katikati ya miaka ya 1990. Sisi wa Kajiado tunajua zizi ni kitu gani, na tunajua ng'ombe hanyimwi majani kwa kosa la ng'ombe mwingine. Watungaji hawapigi kelele mahali hapa. Wanaweka mambo mbele ya msomaji, wanataja sheria inayokataza adhabu ya wote kwa kosa la wachache, wanapita. Laiti wangeandika hivyo kitabu kizima!

Nina malalamiko mawili. Kwanza, wenyeji wamepewa nafasi ndogo mno. Turkana ni nchi kame, na mwenyeji anayeona lori la unga likipita mlangoni pake kwenda kwa mgeni naye ana neno la kusema. Pili, watungaji wanaikata hoja ya Serikali upesi kuliko inavyostahili. Wanataka kambi ziondolewe na watu wachanganyike na wenyeji, nami nakubali. Lakini kukubali si sawa na kuambiwa shule, maji na ardhi vitatoka wapi.

Mambo hayakusimama tangu kitabu kitoke. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria zao za wakimbizi mwaka 2006, na Kenya ikatunga nyingine mwaka 2021. Mwaka 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alitangua amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi waliokaa mijini, katika kesi iliyoletwa na Kituo cha Sheria. Uso mmoja wa bawabu, basi, umepata kuulizwa maswali mbele ya hakimu, nao ni uso wa Serikali. Ule mwingine bado una kinga yake.

Katika darasa langu kulikuwa na msichana kutoka Kongo. Kiswahili chake cha Bukavu kiliwachekesha wenziwe kwa muhula mmoja, kisha wakaanza kukiiga. Ulipofika wakati wa kuandikisha watahiniwa, ikatakiwa karatasi ambayo hakuwa nayo. Ofisi moja ikampeleka ya pili, na ya pili ikamrudisha ya kwanza. Baba yake, ambaye kwao alikuwa mwalimu kama mimi, alikuja nyumbani jioni moja akakiona kitabu hiki mezani. Aliniomba nimwazime. Kiingereza chake si chepesi kama Kifaransa chake, kwa hiyo alikaa nacho majuma matano.

Alipokirudisha alikuwa ametia alama ya kalamu ya risasi katika ukurasa mmoja tu, ule unaoeleza mtu aliyehojiwa, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa arudi tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyu walimwandika mwaka gani?"

Nikamwambia kuwa utafiti ulifanywa kabla ya mwaka 2000. Alihesabu kwa vidole, polepole, akafunga kitabu, akauliza kama ninacho kingine cha namna hiyo kwa Kifaransa.