Tazama Mpira Anaouacha

Anayefuatilia ligi ndogo za besiboli za Marekani anaijua homa ya Aprili. Msimu una siku kumi tu, kijana wa miaka 19 amekwishavusha mipira minne juu ya uzio, na mashabiki wameshampangia namba katika kikosi cha Ligi Kuu. Mwenzake aliyesajiliwa kwa fedha nyingi zaidi hajapata kitu, naye wameshamzika. Wenye busara husema tusubiri. Sawa, lakini kusubiri kutupu si utaalamu. Aprili ina mengi ya kumwonyesha mwenye jicho, ila hayamo kwenye safu ya matokeo.

Mwaka 1951 Willie Mays alikuwa na miaka 20 na alikuwa akipiga wastani wa .477 katika timu ya ligi ndogo ya Minneapolis Millers, yaani karibu hiti moja kwa kila majaribio mawili, katika mchezo ambao hiti tatu kwa majaribio kumi ni daraja la mabingwa. New York Giants wakampandisha Ligi Kuu mwezi Mei. Majaribio yake 12 ya kwanza yakapita bila hiti hata moja. Mwisho wa msimu akatangazwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Miaka sitini baadaye Mike Trout aliingia Los Angeles Angels akiwa na miaka 19, akapiga .220 katika mechi 40. Mwaka uliofuata, 2012, tuzo ya mchezaji mpya bora wa Ligi ya Marekani, ile ligi ya pili, ilikuwa yake kwa kura zote.

Watakwimu wa besiboli wamepima ni lini namba za mpigaji huanza kuaminika. Kiwango chake cha kutolewa kwa straiki tatu hutulia baada ya kusimama na gongo mara 60 hivi. Kiwango cha besi za bure, zile anazopewa mrushaji akitupa nje mara nne, kinataka kama mara 120. Wastani wa hiti, namba ileile inayotangulizwa kila mahali, unataka takriban mara 900. Kijana wa ligi ndogo hupata nafasi 100 hivi kwa mwezi na kama 500 kwa msimu mzima, kwa hiyo wastani wake wa hiti utafika Septemba ukiwa bado mchanga. Mpira ukishatoka kwenye gongo, hatima yake imo mikononi mwa wengine. Uliopigwa kwa kilomita 170 kwa saa ukamfuata mdakaji kifuani umeandikwa sifuri. Uliochubuliwa ukaangukia pasipo mtu umeandikwa hiti.

Kuna jambo moja ambalo halimtegemei mdakaji wala upepo, nalo ni uamuzi wa mpigaji. Kwangu hapo ndipo ufundi wote wa Aprili ulipo: mpira anaouacha upite una habari nyingi kuliko ule anaoupiga.

Mpira wa kilomita 150 kwa saa hutoka kwa mrushaji, mita 18.44, ukafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo kijana lazima aitambue aina ya mpira, akisie utakapopita, aamue, na alizungushe gongo. Kaa nyuma ya kibao cha nyumbani, pembeni kidogo, usiufuate mpira. Mfuate yeye. Mrushaji akitupa mpira unaopinda na kuzama nje, mguu wa mbele wa mpigaji utatua chini hata akiwa hodari, kwa sababu mguu huanza kabla ya uamuzi. Angalia mikono na nyonga. Mikono ikibaki nyuma ya bega, nyonga ikikataa kufunguka, na kichwa kikausindikiza mpira hadi ndani ya glavu ya mdakaji wa nyuma ya kibao, huyo ameuona na ameukataa. Mwingine atauacha mpira uleule akiwa ameganda, magoti yamekakamaa, macho bado kwa mrushaji. Kwenye karatasi wote wawili wameacha mpira mbaya. Mmoja amechagua, mwingine amenusurika.

Tahadhari, kuacha sana nako ni ugonjwa. Katika madaraja ya chini, kama Single-A, warushaji wengi ni vijana wasioweza bado kulenga. Mpigaji anayesimama tu na gongo begani atakusanya besi za bure na kusifiwa kwa uvumilivu, halafu akipanda Double-A, ambako warushaji wanalenga, utajiri huo utamwishia. Mtahini kwa mpira wa kasi wa katikati, hasa mrushaji akiwa nyuma kwa hesabu, yaani ametupa nje mara nyingi kuliko straiki. Huo akiuacha mara kwa mara, uvumilivu wake ni woga.

Juan Soto ndiye mfano ninaoupenda. Alianza msimu wa 2018 Single-A, Hagerstown, akiwa na miaka 19, na tarehe 20 Mei alikuwa amevaa jezi ya Washington Nationals. Homurani zake 22 za mwaka huo zinakumbukwa, lakini mimi hutazama besi za bure 79 katika mechi 116. Warushaji watu wazima walimtegea kila mtego, naye akaukataa kwa zile mbwembwe zake za kuchuchumaa na kumkazia macho mrushaji.

Umri usome pamoja na daraja, na daraja pamoja na mahali. Kijana wa miaka 19 anayejikongoja Double-A, akizungukwa na wanaume wa miaka 23 na 24, ana thamani kuliko wa miaka 24 anayetamba Single-A. Albuquerque ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka. Homurani za huko zipunguzie bei. Michigan na Indiana mwezi Aprili ni baridi inayouma vidole, na kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekulia kwenye joto anastahili kungojwa. Hata mpira wenyewe uulizie. Mwaka 2023 Southern League, ligi ya daraja la Double-A, ilijaribu mipira iliyopakwa dawa ya kunata ili warushaji waishike vizuri, na wapigaji wakapata tabu nusu ya kwanza ya msimu. Jackson Chourio, mwenye miaka 19 wakati huo, alikuwa mmoja wao. Mipira ya kawaida iliporudishwa, akachanua.

Warushaji ni wepesi kuwapima, kwa kuwa kasi haina bahati. Linganisha kasi ya ingi (awamu) ya kwanza na ya nne, kwani klabu nyingi humtoa kijana mapema mwanzoni mwa msimu. Ikishuka sana, na mkono ukianza kutokea chini zaidi, wasiwasi wangu huwa kwenye kiwiko kabla ya kipaji. Kisha uliza kama ana mpira wa pili anaothubutu kuutupa akiwa nyuma kwa hesabu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kujifunza hili: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Saa ya kupimia muda nayo ina kazi. Mpigaji wa mkono wa kulia anayefika besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 ni wa kawaida kwa viwango vya Ligi Kuu. Chini ya 4.1 ana mbio za kweli.

Ukipata nafasi, usitazame mechi moja. Tangu 2021 timu za ligi ndogo kwa kawaida hukutana mechi sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili. Jumanne warushaji hawamjui kijana. Alhamisi wameshagundua kwamba anaukimbilia mpira unaozama nje, na wataurudia mpaka awaonyeshe kwamba amejifunza. Mtu aliyezungusha gongo hewani mara tatu Jumatano, Jumamosi ukamwona anauacha mpira uleule huku mikono imetulia nyuma, kisha anausubiri wa kasi na kuupiga, hata ukiishia kwenye glavu ya mdakaji, mwandike jina. Mwandike hata kama wastani wake ni .180.